Binti akitaka kuwa askari magereza, mzazi ujibu nini?

Mko mezani, chakula cha jioni. Binti aliyemaliza kidato cha nne anasema anataka kuomba nafasi Jeshi la Magereza. Baba anacheka. Mama anauliza, “Nani atakuoa na hilo rungu mkononi?” Kaka mtu angesema hayohayo, angepongezwa.

Mzazi mwenzangu, kabla hujamkatisha tamaa, jiulize: nani anawalinda wanawake walioko gerezani?

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka wafungwa wa kike wasimamiwe na wanawake pekee. Mwanamume haruhusiwi kuingia sehemu yao bila kufuatana na askari wa kike. Kuna upekuzi, kuna wajawazito, kuna akina mama wanaonyonyesha wakiwa kifungoni. Kazi hiyo haifanyiki bila mabinti zetu.

Wala haiishii kwenye milango na funguo. Jeshi linahitaji wauguzi, walimu, madereva, mafundi na wataalamu wa kilimo, na mwenye fani huingia na fani yake. Uongozi nao haujafungwa kwa wanawake. Kwa jirani zetu Kenya, Wanini Kireri aliwahi kuwa mkuu wa gereza la wanaume la Shimo la Tewa, Mombasa.

Hata hivyo, tusiwadanganye watoto. Mafunzo ni ya kijeshi, nayo ni magumu. Kuna zamu za usiku, na uhamisho unaweza kumpeleka mbali na nyumbani. Matangazo ya ajira kwa kawaida huweka ukomo wa umri na humtaka mwombaji awe hajaoa wala kuolewa. Hapo ndipo familia nyingi hukosea: binti anaharakishwa kuolewa, nafasi zinapotangazwa anakuwa ameshapoteza sifa. Kijana wa kiume akiomba asubiri kidogo, husikilizwa. Dada yake naye asikilizwe.

Ufanye nini? Hakikisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa vina majina yanayofanana, maana tofauti ya herufi moja inaweza kumletea usumbufu. Mhimize afanye mazoezi ya kukimbia mapema. Fuata matangazo ya Jeshi lenyewe, na usimpe pesa mtu anayedai ana “mtu wake ndani”. Nafasi haziuzwi, anayeuza ni tapeli.

Ukipata nafasi, mkutanishe na askari wa kike mnayemfahamu mtaani. Amweleze raha na karaha za kazi, na jinsi anavyolea watoto huku akiingia zamu.

Baada ya hapo, mwache achague. Akiona haimfai, iwe ni kwa sababu ameijua kazi yenyewe, siyo kwa sababu baba alicheka.