Mgonjwa na muuguzi: Uliza mpaka uelewe

Wapo wagonjwa wanaotoka zahanati na dawa sahihi mkononi lakini wasipone. Si kwamba dawa ni mbovu, bali mgonjwa na muuguzi hawakuelewana. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache tu. Muuguzi ndiye anayepima joto na presha, anayechoma sindano na anayekesha wodini. Kwa hiyo mazungumzo ya wawili hawa ni sehemu ya tiba yenyewe. Tutazame mifano mitatu.

Kwanza ni bahasha ya dawa. Mara nyingi huandikwa "1 x 3", maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Asiyeelezwa anaweza kumeza vidonge vitatu kwa mpigo mmoja. Mwingine humeza asubuhi, mchana na alasiri, kisha usiku kucha mwili ukabaki bila dawa ya kutosha.

Pili ni mtoto anayeharisha. Mama anapewa pakiti za ORS na kuambiwa "changanya na maji". Maji kiasi gani? Pakiti nyingi ni za lita 1 nzima ya maji safi na salama, na kipimo kimeandikwa juu yake. Pakiti hiyo ikitiwa yote katika glasi moja, chumvi huzidi na inaweza kumdhuru mtoto. Maji hayo yakipita saa 24 yamwagwe. Aidha, tangu mwaka 2004 mashirika ya WHO na UNICEF yanashauri mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Mama asipoambiwa hivyo, ataacha siku ya tatu akiona kuharisha kumekoma.

Tatu ni mgonjwa wa kisukari katika Ramadhani. Wengine humficha muuguzi kuwa wamefunga, wakihofia kukemewa. Akichoma insulini ya asubuhi kwa kiwango kile kile bila kula, sukari inaweza kushuka ghafla. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa na hata kuzimia. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwenye kipimo, anapaswa kufungua hapo hapo. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa, na hakuna sababu ya kuona haya. La busara ni kwenda kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, aambiwe kama anaweza kufunga na dozi zake zipangwe upya. Asizibadilishe mwenyewe.

Je, wajibu ni wa nani? Ni wa wote wawili.

Mgonjwa aseme dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Aseme kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, na kama ni mjamzito au ananyonyesha. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na muuguzi wa kike aombe mapema, bila ugomvi.

Muuguzi naye aanze kwa salamu na amweleze mgonjwa anachotaka kumfanyia kabla hajamgusa. Maradhi ya mtu yasitangazwe mbele ya foleni, kwani siri ya mgonjwa ni amana. Tena asitosheke na kuuliza "Umeelewa?", kwa kuwa karibu kila mtu hujibu "ndiyo". Ni bora aseme: "Mama, hebu nieleze utakavyomeza dawa hizi ukifika nyumbani." Akikosea, hapo hapo anarekebishwa.

Ndugu msomaji, kabla hujaondoka dirisha la dawa, hakikisha una majibu ya maswali manne. Dawa hii ni ya nini? Nitumie kiasi gani na saa ngapi? Niendelee hadi lini? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Ukishindwa kujibu hata moja, rudi ukaulize. Kuuliza si kumsumbua muuguzi, ni haki yako.