Miqati Ipo Hata Angani

Ndugu Waislamu, kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah ni takriban kilomita 3,160 angani. Ndege isiyotua njiani huukata mwendo huo kwa saa nne na nusu hivi. Majiji hayo yote mawili yamo karibu na nyuzi 39 mashariki. Kwa hiyo saa zake ni sawa, na Adhuhuri huingia takriban kwa wakati mmoja.

Wazee wetu waliingoja kusi, wakakaa majuma baharini, wakapata wasaa wa kujiandaa. Sisi twaweza kusinzia kidogo tu, miqati ikapita chini yetu.

Wanazuoni wengi wameeleza kwamba aliyekusudia Hija au Umra haivuki miqati bila ya kuhirimia. Akiivuka, hurejea, ama humlazimu kuchinja. Basi tuoge nyumbani, wanaume wajifunge shuka zao kabla ya kupanda, zisibaki ndani ya mizigo mikubwa, na sote tunuie pindi itangazwapo kuwa miqati imekaribia. Tukitua Jeddah, Makka imesalia kilomita 80 hivi. Wakati wa kunuia umekwishapita.

Allah atutakabalie. Amin.