Wasafiri Wasiokata Tiketi: Nani Wameingia na Jiwe Kwenye Tangi Lako la Samaki?

Tuseme umeanzisha tangi la samaki nyumbani kwako Bariadi. Samaki bado hujanunua. Mawe na majani ya mapambo umeyabeba kwenye ndoo kutoka ufukweni Lamadi, kule Busega ambako mkoa wa Simiyu unagusa Ziwa Victoria. Wiki mbili baadaye unaona ute wenye vidoti umeganda kwenye kioo, vikonokono vidogo kama punje ya ulezi vinatembea, na kitu chenye miguu sita kimejificha chini ya jiwe. Hukuweka hata kimoja. Wametoka wapi?

Kwanza tujue kwa nini watu wanapenda mawe ya asili. Samaki wanatoa amonia, nayo ni sumu kwao wenyewe. Kwenye jiwe lililokaa majini kuna utando wa bakteria: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Wafugaji wa samaki wa maji chumvi wamelijua hili siku nyingi. Wananunua vipande vya matumbawe vyenye matundu na kuviita "mawe hai". Bakteria wanafika, sawa, lakini kwenye matundu yale wanafika pia kaa, minyoo ya baharini na anemone ambao hakuna aliyewaagiza. Jiwe la ziwani ni hadithi ileile, ila abiria ni wengine.

Wa kwanza ni yule mwenye miguu sita. Mara nyingi huyo ni mtoto wa kereng'ende. Anaishi majini mpaka atakapoota mabawa, na ana mdomo wa chini unaofyatuka mbele kama mkono kukamata mawindo. Vifaranga vya samaki ni chakula chake. Wapo pia ruba, planaria ambao ni minyoo bapa, na haidra, kiumbe wa milimita chache tu anayekaa kama kiuzi chenye mikono. Wengine ni neema: viroboto maji ni chakula kizuri cha samaki wadogo.

Sasa tuje kwa konokono, maana hapa mambo yanabadilika. Konokono wengi wa maji baridi wana jinsia zote mbili kwenye mwili mmoja, na baadhi wanaweza kujirutubisha wenyewe. Yaani konokono mmoja anatosha kuanzisha ukoo mzima. Hata ukame haumalizi kazi: konokono aina ya Bulinus wanaweza kujizika kwenye tope la lambo linalokauka na kusubiri mvua kwa miezi. Kwa hiyo jiwe lenye tope kavu si lazima liwe tupu.

Konokono hao nao wanaweza kuwa wamebeba abiria wao. Biomphalaria, mwenye gamba bapa kama kamba iliyozungushwa, ndiye anayeeneza kichocho cha tumbo kuzunguka Ziwa Victoria. Bulinus anaeneza kichocho cha mkojo, hasa kwenye malambo na madimbwi ya Kanda ya Ziwa. Mdudu wa kichocho anaingia ndani ya konokono, anaongezeka humo kwa mwezi mmoja hivi au zaidi, kisha maelfu ya watoto wake wanatoka majini kutafuta ngozi ya mtu. Kupenya ngozi kunawachukua dakika chache tu.

Je, uanze kuogopa kila konokono? Hapana, na sababu ni hii: konokono harithishi kichocho kwa mayai yake. Ili aambukizwe, lazima maji yaingiwe na mkojo au kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa. Kwa hiyo kikonokono kilichoanguliwa ndani ya tangi lako ni safi. Wa kumwogopa ni yule mkubwa aliyekuja kutoka ziwani. Kwa macho huwezi kujua kama ameambukizwa, na akiwa nao anaweza kuendelea kuwatoa kwa wiki nyingi.

Basi fanya hivi. Vaa glavu za mpira. Sugua mawe kwa brashi mpaka tope lote litoke kwenye nyufa, yamwagie maji ya moto, kisha yaanike juani wiki nzima. Majani yaweke kwenye ndoo ya pembeni kwa wiki mbili, ili mayai yaliyojificha yaanguliwe uyaone. Konokono wakubwa watoe kwa kijiko na uwatie kwenye maji yanayochemka. Ukishawatoa wote, usiguse maji yale kwa siku tatu. Vijidudu vya kichocho visipopata mtu havifiki huko, hufa ndani ya siku mbili hivi.

Bila shaka jua na maji ya moto yataua pia bakteria uliowataka. Hiyo ndiyo gharama yake. Utasubiri wiki nne hadi sita bakteria wapya wajijenge, au uombe sponji iliyotumika kwenye tangi la rafiki ambalo halina shida.

Na kama ulishashika maji ya ziwa na sasa unaona damu kwenye mkojo au kinyesi, nenda kituo cha afya upimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Mwisho, maji unayobadilisha usiyamwage lamboni wala Mto Simiyu, ambao unapeleka maji yake Ghuba ya Speke. Mwaka 2020 konokono wa kigeni kutoka Amerika ya Kusini, mwenye mayai ya rangi ya waridi, aligunduliwa kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, na sasa wakulima wanahangaika naye. Mwaga maji yako kwenye ardhi kavu, mbali na maji mengine. Jua la Bariadi litamaliza kazi.