Muziki: Namna maDJ wa tekno wanavyounganisha nyimbo bila kuumiza masikio

Tekno ilizaliwa Detroit, mji wa viwanda vya magari nchini Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Leo inapigwa dunia nzima. Mwaka 2024, Ujerumani iliingiza utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Lakini ndani ya disko, mtihani wa DJ haujabadilika: wimbo mmoja unatoka, mwingine unaingia, na wachezaji hawatakiwi kusimama.

Jambo la kwanza ni mwendo. Wimbo wa mapigo 128 kwa dakika ukiwekwa juu ya ule wa mapigo 132, baada ya sekunde saba hivi ngoma ya mmoja inaangukia katikati ya ngoma za mwingine. Ndiyo maana DJ husikiliza wimbo unaofuata kwa kaske, huku ule wa kwanza ukisikika ukumbini, na kusogeza kidude cha mwendo hadi yote miwili iende pamoja. Mashine ya santuri Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, iliwapa maDJ uwezo wa kuongeza au kupunguza mwendo hadi asilimia 8.

Jambo la pili ni ufunguo, yaani ile noti ambayo wimbo mzima unaizunguka. Nyimbo mbili zinaweza kwenda mwendo mmoja na bado zikagombana, hasa besi zake zinapokutana.

Ili kurahisisha kazi, maDJ wengi hutumia gurudumu linaloitwa Camelot, lililobuniwa na Mark Davis. Lina namba 1 hadi 12. Herufi A ni ya funguo za maina, na B ni ya meja. Wimbo wa 8A, yaani La maina, unakubaliana na mwingine wa 8A, na pia na 7A, 9A na 8B. Programu za kompyuta kama Mixed In Key husikiliza faili na kuandika namba hiyo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kwenye santuri, mwendo ukiongezeka, sauti nayo inapanda. Nyongeza ya asilimia 6 inapandisha sauti karibu nusu toni. Wimbo wa 8A wenye mapigo 125 ukipelekwa hadi 132.5, haubaki 8A tena: unakuwa 3A, mbali kabisa kwenye gurudumu. Mashine za kisasa zina kitufe cha kuzuia sauti isipande, lakini mwendo ukivutwa sana, ngoma hupoteza ukali wake.

Si kila DJ anafuata namba hizo. Jeff Mills wa Detroit anajulikana kwa kupiga mashine tatu za santuri pamoja na mashine ya ngoma Roland TR-909, akibadilisha nyimbo haraka. Tekno yenye ngoma tupu, bila melodi, haina mengi ya kugombana.

Kwa msikilizaji wa Kongo, swali linakuja karibu zaidi. Konono N°1 wa Kinshasa, wenye likembe zilizounganishwa na umeme, walipendwa sana na mashabiki wa muziki wa kielektroniki Ulaya kupitia albamu yao Congotronics. Ila likembe hulinganishwa sauti na fundi wake, na si lazima ifuate noti za piano. Gurudumu lina funguo 24 tu, zote za piano. Likembe ikiangukia katikati ya mbili, programu bado itaandika namba, na DJ akiifuata bila kusikiliza, besi ya tekno itakwaruzana na likembe mbele ya watu.

Dawa yake ni ya zamani: kuvaa kaske, kusogeza mwendo kidogo kidogo hadi sauti zikutane, au kuacha ngoma peke yake wakati likembe inaingia.