Namba -1 ilivyoizima programu ya kusimamia seva

Mteja anaingia mgahawani, anaagiza chapati "hasi moja". Mpishi hashtuki, anaanza kukanda unga. Kichekesho, sivyo? Lakini kosa la aina hii liligunduliwa mwaka 2024 ndani ya libvirt, programu huria ya kuwasha, kuzima na kuhamisha mashine pepe kwenye seva za Linux.

Shida ilikuwa nini?

Baadhi ya maombi yanayotumwa kwa libvirt hutaja idadi ya vitu. Programu ilikuwa na ukaguzi wa kukataa namba hasi, ila ukaguzi ulichelewa: memori ilikuwa inatengwa kwanza.

Kompyuta ikiisoma -1 kama namba isiyo na alama ya hasi, inageuka 18,446,744,073,709,551,615. Hakuna seva yenye memori ya kiasi hicho. Libvirt inaomba, inanyimwa, inajizima papo hapo.

Mashine pepe nazo zinazimika?

Kwa kawaida hapana. Kwenye KVM, kila mashine pepe huendeshwa na programu yake ya QEMU, hivyo tovuti au mfumo wa malipo uliomo unaendelea kupiga kazi. Kinachopotea ni usukani: msimamizi hawezi kuwasha mashine mpya wala kuhamisha iliyopo mpaka libvirt iwashwe tena.

Kibaya zaidi, mtumiaji wa kawaida wa seva hiyo, asiye na ruhusa za msimamizi, angeweza kuiangusha, na kurudia kila inapowashwa.

Iligunduliwaje?

Timu ya ALT Linux ilitumia AFL++, zana inayoirushia programu data za ovyo mfululizo mpaka ipatikane inayoiangusha.

Dawa yake ilikuwa rahisi: namba ikiwa hasi, ikataliwe kabla memori haijatengwa. Yaani mpishi asome oda kabla ya kushika unga. Rekebisho liliingia kwenye toleo la 10.2.0, Aprili 2024.

Unasimamia seva?

Usiangalie namba ya toleo peke yake. Wasambazaji wa Linux kama Ubuntu na Red Hat huingiza marekebisho hata kwenye matoleo ya zamani. Tafuta CVE-2024-2494 kwenye maelezo ya masasisho yako. Kama haimo na toleo lako ni la chini ya 10.2.0, sasisha leo.