Kuvu Aishiye kwa Posho ya Mmea

Askari ajua kwamba kikosi kisichopata posho hakidumu. Hali kadhalika, chini ya mihogo, mahindi na maharagwe yapandwayo Carama, kaskazini mwa Bujumbura, limo jeshi lisiloonekana kwa macho. Ni kuvu wa mizizi. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hupenya mahali mzizi usipofika, zikauletea mmea fosforasi.

Malipo yake ni nini? Zamani wataalamu walidhani ni sukari peke yake. Mwaka 2017 uchunguzi ulithibitisha kwamba mmea humpa pia mafuta, kwa kuwa kuvu huyu hawezi kujitengenezea asidi za mafuta tangu mwanzo. Akiba hiyo huiweka katika vijifuko na mbegu zake ndogo. Humo imo asidi moja ya mafuta yenye kaboni 16, ambayo wataalamu huitumia kumtambua udongoni.

Basi, ardhi ikiachwa tupu muda mrefu, kuvu hukosa posho, na mazao ya msimu ufuatao hukosa msaidizi. Mwenye shamba, awe kambini au uraiani, na apande kunde mara baada ya kuvuna, wala asichimbue udongo kupita kiasi. Mlinzi wa nchi hana budi kuilinda pia ardhi imlishayo.