Kiwanja cha klabu ya wazee: nani ataingia ghorofani?

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Kwa miezi kadhaa sasa hapa Buyenzi mazungumzo ya barazani ni hayo hayo: kile kiwanja cha klabu. Sitataja kiko avenue ya ngapi, kwa kuwa shauri lake bado liko mezani na sipendi mtu anifuate kuniambia nimemharibia. Wenyeji wanakijua. Ni kiwanja cha kona chenye ukumbi wa matofali ya kuchoma na paa la bati, chumba cha vinywaji ambacho milango yake imeliwa na mchwa, na mwembe mmoja mkubwa uani. Klabu ilianzishwa na madereva, mafundi cherehani, makarani na wachuuzi wa mitaa hii katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Sasa amejitokeza mtu mwenye fedha anayetaka kuubomoa ukumbi na kusimamisha jengo la ghorofa tano, au etaji kama tunavyosema wenyewe. Chini maduka, juu nyumba za kuishi. Wanachama, anasema, nao watapewa nyumba.

Niseme mapema kwamba mimi nina maslahi. Jina la marehemu baba yangu limo katika daftari la klabu, pamoja na michango yake iliyoandikwa kwa wino wa buluu hadi mwezi aliovuka kwenda Kigoma. Na wasomaji wengi wa gazeti hili, nyinyi mliorudi kutoka Tanzania na nyinyi mnaokwenda na kurudi Mugina, Kobero na Gatumba kila wiki, nanyi mna maslahi hata kama hamjui. Daftari lile lina majina ya watu walioondoka 1972 wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Lina walioondoka 1993 wakapelekwa Mtabila, kambi iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Lina waliohamia Uvira wakaoa huko. Wengi wamekwisha kufa. Watoto wao wamerudi, wengine wanapanga chumba kimoja Kinama au Kamenge, na hawajui kuwa mzee wao alikuwa na kiti chini ya ule mwembe.

Kijana aliyezaliwa juzi atauliza klabu ilikuwa na faida gani. Jumamosi ilikuwa dansi, hilo kila mtu analikumbuka. Lakini siku nyingine sita ndizo zilizokuwa na kazi kubwa zaidi. Ukumbi ule ndio uliopokea harusi za watu wasio na ua. Msiba ukitokea, wanaume walilala pale siku tatu, na masufuria ya klabu, yale makubwa ya kupikia wali wa watu mia, yalitoka bila kulipiwa. Dereva aliyerudi kutoka safari ya Bukavu aliacha pale mizigo ya watu na barua. Mgeni aliyetoka Ujiji bila kujua ndugu yake anakaa wapi alielekezwa klabuni kwanza, na kabla ya magharibi alikuwa amekwisha kupatikana. Ilikuwa posta, benki ya kukopeshana na baraza la usuluhishi kwa pamoja. Karata na bao vilikuwepo pia, na ugomvi wake.

Leo ukumbi una popo. Upande wa barabarani amepangishwa mtu anayeuza bia na mishikaki, na kodi yake ndiyo inayolipa mlinzi. Kwa hiyo siwezi kuungana na wale wanaosema kiwanja kiachwe kama kilivyo kwa heshima ya wazee. Jiji limejaa. Tangu mafuriko ya Rusizi ya 2020 na ziwa kupanda miaka iliyofuata, familia nyingi za Gatumba zimekuwa zikitafuta pa kuhamia, na kodi za vyumba huku juu zinajua hivyo. Kiwanja cha kona Buyenzi kikikaa na popo, hiyo ni hasara. Nyumba zinahitajika. Swali langu ni nani atakayeingia ndani yake, na kwa karatasi gani.

Hapo ndipo penye mwiba. Wanachama wengi wanaamini kwamba kiwanja ni chao, kila mmoja kipande chake, kama ng'ombe wa kugawana. Nilimwendea wakili mmoja ninayemfahamu, akanieleza kwa upole kwamba sivyo. Klabu ya namna hii inahesabiwa kuwa chama kisicho cha faida, na hapa kwetu vyama hivyo vinaongozwa na sheria ya tarehe 27 Januari 2017. Mali ni ya chama chenyewe. Chama kikivunjwa, mali haigawiwi wanachama mfukoni; inakwenda kwa chama kingine chenye malengo yanayofanana, kama katiba ya chama inavyoelekeza. Maana yake ni kwamba yule anayesema "tuvunje klabu tugawane nyumba" anawaongoza watu kwenye ukuta. Njia iliyopo ni nyingine: klabu ibaki hai, ifanye mkutano halali, iingie mkataba na mjenzi kwa jina lake, na mkataba huo uandike mbele ya notari ni nyumba ngapi zitabaki za klabu, zitakaliwa na nani, kwa kodi gani, na kwa muda gani. Neno la mdomo chini ya mwembe halina thamani mbele ya hakimu.

Waliorudi walioshughulikia mashamba yao watauliza juu ya CNTB. Tume ile ya ardhi na mali nyingine ilianza 2006 na muda wake ukamalizika 2022. Ilishughulika zaidi na mashamba na nyumba za familia. Kiwanja cha klabu hakina familia ya kwenda kukilalamikia, na hiyo ndiyo hatari yake: mali ya wengi huwa rahisi kuchukuliwa na wachache, tena bila kelele.

Wafanyabiashara wanaoshuka Kariakoo watakubaliana nami kwamba mfano mzuri wa kujifunza hauko mbali. Ukitoka Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro kuelekea Ubungo, ukishapita bonde la Jangwani unaingia Magomeni. Pale palikuwa na nyumba za chini za zamani, maarufu kama Magomeni Kota. Mwaka 2011 wakazi wakaanza kuondolewa, kaya 644, ili pajengwe majengo mapya. Nyumba zikavunjwa. Kisha miaka ikapita, kiwanja kikaota majani, na kila mpita njia akaanza kukihesabia mwenyewe kichwani. Watu wale walikuwa wapangaji, hawakuwa na hati. Kwa desturi ya miji yetu hapo hadithi ingekwisha.

Haikuisha. Waliotawanyika waliendelea kujitambulisha kwa idadi ile ile, 644, wakiwa na viongozi wao, wakigonga milango. Nilipokuwa nalala Magomeni katika safari zangu za biashara, kabla sijaingia katika uandishi, niliwahi kumsikia mama mmoja muuza vitumbua akisema "sisi mia sita arobaini na nne" kama mtu anavyotaja ukoo wake. Oktoba 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akaamuru kiwanja kijengwe nyumba za watu wale wale, na akaahidi wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo wa Tanzania, TBA, ndiye aliyejenga. Magufuli hakuishi kuona mwisho wake. Alifariki Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyezifungua tarehe 23 Machi 2022. Nyumba 656 kwa kaya 644. Tangu siku walipoanza kuondolewa ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi, na kuna waliokufa katika vyumba vya kupanga wakiwa kwenye orodha.

Baadaye yalikuja maneno ya bei za kuzinunua nyumba hizo, na manung'uniko yake. Sishangai. Lakini jambo ninalotaka mlione ni lile la mwanzo. Kilichowarudisha watu wa Magomeni ni amri ya rais, kweli, na si kila mtaa utapata rais wa kuja kusimama kwenye majani yake. Hata hivyo amri ile ilikuta orodha imesimama. Kama wangekuwa wamegawanyika makundi matatu yenye madaftari matatu, amri ingewapita ikaenda kwa mwingine.

Tazameni na upande wa pili. Kigali, huko Nyarutarama, kulikuwa na mitaa ya Kangondo na Kibiraro ambayo watu waliipa jina la Bannyahe. Wenyeji wa pale walikuwa na nyumba zao. Wakaambiwa wahamie katika majengo mapya ya Busanza, Kicukiro. Baadhi walikubali. Wengine walisema hapana, tunataka fidia ya fedha, nyumba mnazotupa hazilingani na tulizo nazo, wakaenda mahakamani na kesi zikachukua miaka. Septemba 2022 waliobaki wakaondolewa na mitaa ikabomolewa. Na Mombasa, katika nyumba za Buxton, wapangaji walilipwa shilingi za Kenya 240,000 kila kaya mwaka 2021 wapishe ujenzi. Ukipewa fedha ya kuondoka, hesabu yake inakwisha mlangoni. Ukipewa nyumba mpya, hesabu ndiyo inaanza.

Hesabu gani? Hapa nitakaa kidogo, maana kwenye mikutano ya klabu sijasikia mtu akiligusa. Nyumba ya chini ina gharama za mwenye nyumba. Nyumba ya ghorofani ina gharama za jengo zima. Pampu ya maji ikiharibika, tangi la juu likipasuka, taa za ngazini zikiungua, choo cha ghorofa ya nne kikivuja kwenye dari ya ghorofa ya tatu, nani analipa? Uganda ilitunga sheria ya kumiliki sehemu ya jengo 2001, Tanzania 2008, Rwanda 2010, na Kenya ilitunga upya ya kwake 2020. Kiini chake ni kimoja: unamiliki chumba chako, lakini ngazi, paa na ardhi ni vya wote, na kuna umoja wa wenye nyumba unaokusanya mchango wa matunzo. Mzee aliyezoea kuchota maji bombani uani atatakiwa atoe mchango kila mwezi, na asipotoa atakuwa na deni kwa jirani zake.

Halafu kuna maisha. Mama anayeanika ndagala juani ataanika wapi? Kinu kitatwangwa ghorofa ya tatu? Jiko la makaa litakaa kwenye varanda ya mita moja? Wafanyabiashara wa mpakani ndio watakaopata taabu zaidi, maana nyumba kwao ni ghala pia. Marobota ya vitenge na magunia ya unga hayapandi ngazi kwa hiari yao. Katika mchoro ulioonyeshwa kwenye mkutano wa mwisho, maduka yote ya chini ni ya mjenzi. Mimi nikiulizwa nitasema hivi: afadhali klabu ichukue nyumba chache zaidi juu lakini ipate maduka mawili chini na ukumbi. Ndiyo, ukumbi. Katika mchoro ule haumo kabisa. Watu watano wa kwanza watakaofiwa katika jengo lile watatandika mikeka barabarani, na hapo ndipo tutakapokumbuka kiwanja kilikuwa cha kazi gani.

Mjenzi mwenyewe, nilipozungumza naye, hakunionyesha ubaya. Alisema kila mita ya ukumbi ni mita isiyoleta kodi, na yeye ana mkopo wa kulipa. Ni maneno ya haki kwa mfanyabiashara. Ndiyo sababu yanatakiwa yakutane na maneno ya upande wa pili, yakiwa yameandikwa.

Mkutano uliopita uliahirishwa. Baadhi walitaka kura ipigwe palepale na wanachama kumi na wanane waliohudhuria, wengi wao wakazi wa avenue mbili tu. Mwanamke mmoja, binti wa mwanachama wa zamani, aliyerudi kutoka Nyarugusu, alisimama akauliza kama jina la baba yake bado linahesabika. Katibu alifungua daftari, akalitafuta kwa kidole, akalikuta. Ukumbi ukanyamaza. Baada ya hapo ikakubaliwa mambo matatu: hati ya kiwanja iletwe ionekane na wote, katiba ya klabu isomwe kwa sauti, na daftari lihuishwe kwanza ndipo kura ipigwe.

Wazee wameomba tangazo hili lifike ng'ambo. Daftari liko kwa katibu, naye hupatikana ukumbini kila Jumapili baada ya adhuhuri. Mtoto au mjane wa mwanachama aje na kadi ya zamani ya klabu. Asiye na kadi, na wengi zilipotea njiani, aje na watu wawili waliomjua mzee wake. Walioko Uvira na Kigoma wanaweza kumtuma ndugu akiwa na barua iliyotiwa sahihi.